Je, kuna kipimo cha damu cha kujua nani atarithi baipola?

Msomaji wa Shela, Malindi, ameniandikia barua ndefu. Hii hapa kwa ufupi, kwa idhini yake:

"Daktari, assalamu alaikum. Kaka yangu mkubwa ana baipola tangu akiwa na miaka 26. Anatumia dawa ya lithiamu, mwaka wa tisa huu, ametulia na anakwenda baharini kama kawaida. Mwanawe wa kiume ana miaka 31, hajawahi kuugua, na sasa ameleta posa kwa binti yangu. Mume wangu hataki. Asema damu ile ina wazimu, na kwa vile vijana ni mabinamu, utazidi mara mbili. Nami nimesikia redioni kwamba wataalamu wamegundua ugonjwa huu unahusiana na jeni za kinga ya mwili. Je, twaweza kuwapima vijana jeni hizo kabla ya kujibu posa? Na kama ni mambo ya kinga, nikiwapa habbasoda na asali kuipandisha, watasalimika?"

Wa alaikum salaam, dada yangu, na ahsante kwa kuandika yote bila kuficha.

Nianze na jibu unalolingoja. Kipimo hicho hakipo. Hakipo Malindi, hakipo Mombasa, na hata ukimpandisha kijana ndege hadi London, hakuna maabara itakayochukua damu yake ikakwambia ataugua baipola au hataugua. Akitokea mtu kukuuzia kipimo cha namna hiyo, hata akiwa na karatasi zenye mihuri, usimpe shilingi yako. Kuna damu nyingine ambayo mimi ningependa ipimwe katika nyumba zenu hizi mbili, kwa sababu tofauti kabisa na anazozifikiria mumeo. Nitaifikia.

Uliyoyasikia redioni hayakuwa uongo. Yalikatwa tu katikati, na habari ya jeni ikikatwa katikati huvunja ndoa za watu. Kwa hiyo niruhusu niieleze yote.

Ugonjwa wenyewe unaujua kwa macho, umeishi nao. Lakini wasomaji wengine hawajauona, basi niwape picha moja. Usiku mmoja nililetewa nahodha, mtu wa makamo, nduguze wawili wamemshika mikono. Alikuwa siku ya nne hajalala. Alikuwa ameanza kuipaka mashua yake rangi kwa brashi nyembamba ya kuandikia majina, ubao kwa ubao, usiku kucha kwa mwanga wa simu, na rangi ya buluu ilikuwa imemwingia hadi chini ya kucha. Alinishika bega kwa mapenzi makubwa akinieleza mashua sita atakazozinunua Ijumaa. Nyavu zake alikuwa ameshazigawa bure. Miezi mitatu baadaye mtu yule yule alikaa mbele yangu ameinamisha kichwa, mkewe akimshikia kikombe cha chai kwa sababu hakuona haja ya kukiinua. Huko kupanda na huko kushuka kwa hisia, na katikati yake miezi au miaka ya uzima kamili, ndiyo baipola.

Usiku ule tulimpima malaria kwanza, kama tunavyowapima wote wanaoletwa wamechanganyikiwa hapa pwani. Hakuwa nayo. Lakini kipimo kimoja, kiitwacho CRP, kilikuwa kimepanda. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale kinga ya mwili inapoamka kupigana. Tulimtafuta adui, kifua, mkojo, vidonda, hatukumwona. Alipotulia, kikashuka. Mgonjwa mmoja hathibitishi lolote, nalijua hilo. Ila tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeona jambo lile lile kwa makundi ya wagonjwa: wakati wa kupanda, na mara nyingine wakati wa kushuka, alama za kinga iliyowaka huongezeka katika damu, kisha hupungua mtu anapotulia. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuuliza kama baadhi ya watu huzaliwa na kinga iliyo nyepesi kuwaka.

Kuna jeni nyingi za kinga zilizosongamana mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Kubwa zao huitwa HLA. Kazi ya HLA utaielewa ukiwahi kusimama ufukweni mashua zinaporudi na samaki wakapigwa mnada. Mvuvi huweka samaki kadhaa mezani, wanunuzi wakawageuza, wakaangalia macho na mashavu, wakajua shehena nzima ikoje. Karibu kila chembe ya mwili wako hufanya mnada kama huo saa zote. Hutoa vipande vya protini vilivyomo ndani yake na kuviweka juu ya meza, na meza hiyo ndiyo HLA. Askari wa kinga hupita wakikagua. Wakiona kipande cha kirusi au cha kimelea, chembe ile huuawa. Wakiona vipande vya nyumbani, hupita.

Sasa meza hizi hazifanani. Mimi na wewe tunazo tofauti, na hata ndugu wa tumbo moja wengi wana meza tofauti. Hakuna sehemu nyingine ya jeni za binadamu yenye sura nyingi kama hii, na sababu ni maradhi waliyopambana nayo mababu zetu. Kule Gambia, mwaka 1991, wataalamu walionyesha kwamba aina moja ya HLA huwakinga watoto na malaria kali. Kwa hiyo mtu akikwambia "jeni za kinga", usifikiri ni kitu kibovu kilichoingia katika ukoo. Ndizo zilizotufikisha hapa.

Katika skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili ulio ndugu wa karibu wa baipola, eneo hili la kromosomu ya 6 ndilo lililotoa alama yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba sehemu ya alama hiyo inatokana na jeni iitwayo C4, ambayo protini yake huweka alama kwenye vitu vya kuondolewa mwilini. Katika ubongo wa kijana anayekua, chembe za kinga za ubongo hupogoa maungio ya neva yasiyohitajika, kama mkulima anavyopogoa mkorosho, na C4 nyingi huenda ikafanya kisu kikate kupita kiasi. Ni ugunduzi mzuri sana, nami niliposoma mara ya kwanza sikulala mapema. Lakini ni wa skizofrenia. Kwa baipola hadithi ya C4 haikushika namna ile.

Kwa baipola safari imekuwa hivi. Mwaka 2008 walipatikana washukiwa wa kwanza wenye uzito, jeni mbili zinazohusika na jinsi chembe za neva zinavyopitisha umeme na madini ya kalsiamu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa karibu 42,000, ukaonyesha sehemu 64 za jeni zinazohusiana na ugonjwa. Moja kati ya hizo 64 ndiyo lile eneo la HLA. Mwaka 2025 ukaja mkubwa zaidi, wenye wagonjwa zaidi ya 158,000, na sehemu zikafika 298. Nyingi zinaelekeza kwenye mawasiliano ya chembe za ubongo. Kinga imo, ina nafasi yake, lakini haikai kichwani mwa meza.

Hapo ndipo redio ilipokata. Sehemu hizo 298, kila moja peke yake humwongezea mtu uwezekano kwa kiasi kidogo mno, asilimia chache za ule uwezekano mdogo aliokuwa nao tangu mwanzo. Na kila mmoja wetu anazo baadhi. Mimi ninazo. Mumeo anazo, kwa hakika kabisa, hata kama ukoo wake hauna mgonjwa anayekumbukwa. Tazama mkeka uliokalia. Ukindu mmoja uliotiwa rangi haufanyi ua. Ua hutokea kwa ukindu mwingi uliopishana mahali fulani, na kwa mkono wa aliyesuka. Kuchomoa ukindu mmoja wa kinga na kuuliza "je, huu ndio wazimu?" ni swali lisilo na jibu, kwa sababu ukindu huo huo umo katika mikeka elfu isiyo na ua lolote.

Kuna utafiti mmoja wa mapacha uliofanywa Uholanzi ambao huwasimulia wagonjwa wangu. Waliwapima kingamwili zinazoshambulia tezi ya shingo, ile thairoidi. Wenye baipola walikuwa nazo zaidi ya watu wengine, kama ilivyotarajiwa. Lakini pia pacha wao wa kufanana, wale ambao wenyewe hawakuugua baipola, walikuwa nazo zaidi. Yaani hali ile ya kinga wamerithi wote wawili, ugonjwa wa hisia ukamshika mmoja. Kaa na hilo kidogo, dada yangu. Watu wawili wenye jeni zile zile, kinga ile ile, na mmoja anaishi maisha yake bila kupanda wala kushuka.

Linganisha na jambo unalolijua vizuri zaidi, ule ugonjwa wa damu wa seli mundu. Hapo Kilifi, mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka kwako, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya jeni na malaria. Walionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja ya seli mundu, yule tunayemwita mbebaji, hupata kinga kubwa sana dhidi ya malaria kali, kiasi cha asilimia 90. Akipata jeni mbili, moja ya mama na moja ya baba, anaugua. Hiyo ni jeni moja yenye herufi moja iliyobadilika. Unaipima, unajua, basi. Watu husikia neno jeni wakadhani magonjwa yote ya kurithi huenda kwa hesabu hiyo. Baipola haiendi hivyo hata kidogo.

Nije kwenye habbasoda. Kuila si vibaya, asali pia, mimi mwenyewe nakula. Lakini nia ya kuipandisha kinga ili kumkinga mtu na baipola imegeuka mgongo. Kinga haijai na kupungua kama upepo kwenye gurudumu. Kama kuna hitilafu ya kinga katika ugonjwa huu, basi kwa baadhi ya wagonjwa ni kinga inayowaka pasipo adui, wala si kinga iliyo dhaifu. Kule Denmaki walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 3.5 na kuchapisha mwaka 2013. Aliyewahi kulazwa kwa maambukizi makali alikuwa na uwezekano wa asilimia 62 zaidi wa kuja kutibiwa ugonjwa wa hisia, na mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia asilimia 45 zaidi. Hapo wamehesabiwa wenye sonona pia, siyo baipola peke yake, na kufuatana kwa mambo mawili hakusemi moja limezaa jingine. Lakini mwelekeo unaonekana.

Basi utasema, tuizime kinga. Walijaribu. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya dawa kali iitwayo infliksimabu, inayotumika kwa baridi yabisi, wakipewa watu wenye baipola waliokuwa katika kushuka. Kwa jumla haikuwashinda waliopewa dawa bandia. Wachache tu, wale waliopigwa na kuteswa utotoni, ndio walioonekana kunufaika, na hilo linahitaji kurudiwa kabla mtu hajaliamini. Kule Pakistani walijaribu dawa mbili nyingine za kutuliza kinga, haikusaidia. Kwa hiyo leo hakuna dawa ya kinga kwa baipola, iwe ya kupandisha au ya kushusha. Ipo lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliitangaza mwaka 1949, na bado ndiyo mama wa dawa zote za ugonjwa huu.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hili linamhusu kaka yako moja kwa moja. Watu wakisikia "kinga imewaka" hukimbilia dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo duka lolote la dawa litakuuzia kwa vidonge viwili. Mtu anayetumia lithiamu asizimeze bila ya daktari wake kujua. Hufanya figo zishindwe kuitoa lithiamu, na lithiamu ikajaa mwilini hadi ikawa sumu. Mvuvi mwenye mgongo unaouma humeza diklofenaki kama karanga. Muulize kaka yako leo, usingoje kesho. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwake. Na akipewa prednisoloni kwa pumu au kwa ngozi, amwambie anayempa kwamba ana baipola, kwa kuwa dawa hiyo, inayotuliza kinga kwelikweli, inaweza kumpandisha mtu ndani ya siku chache.

Nimesema jeni za kinga hazina sauti kubwa katika kuamua nani ataugua. Lakini kuna mahali zinapiga kelele, na sijui kwa nini redio haikupagusia. Ni kwenye dawa.

Karbamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, ni dawa ya kifafa inayotumika pia kwa baipola, na hapa kwetu hutolewa sana kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Kwa watu wengi haina tatizo. Kwa wachache, askari wa kinga huiona dawa juu ya ile meza ya HLA wakadhani ni adui, kisha wakaishambulia ngozi yenyewe. Mwaka 2004 madaktari wa Taiwani waliwapima wagonjwa 44 waliobabuka hivyo. Wote 44 walikuwa na aina moja ya HLA, iitwayo HLA-B*15:02. Kati ya 101 waliotumia dawa ile ile wakasalimika, walioonekana nayo ni watatu tu. Katika kazi yangu nimeona namba chache za kijeni zilizo wazi kiasi hicho. Tangu hapo, katika baadhi ya nchi za Asia, mtu hupimwa jeni hiyo kabla ya kupewa kidonge cha kwanza.

Nimemwona msichana mmoja katika hali hiyo. Siku ya kumi na mbili ya dawa. Ilianza na homa na macho mekundu, mama akadhani ni mafua ya macho yaliyokuwa yakienea mjini. Kisha midomo ikaota malengelenge, akashindwa kumeza mate. Nilipomshika mkono kumpima mapigo, ngozi ya kifundo iliteleza chini ya kidole changu kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto. Hospitali aliyopewa dawa hakuna aliyemwambia kwamba akiona kipele aache na arudi mara moja. Sentensi moja ile ingemwokoa wiki tano za kulazwa. Alipona, alhamdulillahi, ila macho yake hayatoi tena machozi.

Aina hiyo ya HLA ni nadra kwa Waafrika na Wazungu. Ni ya kawaida Asia ya kusini-mashariki, na India ipo. Sasa niambie, sisi watu wa pwani tuko kundi gani? Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa jeni zilizotolewa kwenye mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Walikuwamo wa Manda na Faza kule Lamu, na wa Mtwapa. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kupitia mama zao, na sehemu kubwa iliyobaki ikatoka Uajemi kupitia baba zao, na kiasi kidogo India. Msomaji wangu, mumeo akisema "damu ile" na "damu yetu", mwambie kwa upole kwamba mifupa ya wazee wetu imeshahojiwa. Meza za HLA za watu wa Malindi zimetoka pande zote za bahari, na huwezi kuzijua kwa jina la ukoo wala kwa rangi ya uso. Ndiyo maana mimi, kila ninapoandika karbamazepini au lamotrijini, dawa nyingine ya baipola, huanza na dozi ndogo, nikamwambia mgonjwa na aliyemsindikiza: miezi miwili ya kwanza, ukiona kipele, homa, macho mekundu au vidonda mdomoni, acha dawa siku hiyo hiyo na uje hospitali, usingoje kliniki.

Sasa posa.

Mtu ambaye hana mgonjwa yeyote katika familia yake, uwezekano wake wa kupata baipola ni kama 1 au 2 katika 100. Mtoto wa mgonjwa, kama 5 hadi 10 katika 100. Igeuze upande wa pili uisome: tisini au zaidi kati ya watoto mia wa wagonjwa hawapati baipola. Na ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, kama ulivyomwanza kaka yako. Kijana huyu ana miaka 31. Sehemu kubwa ya mlango wa hatari ameshaupita akiwa mzima. Binti yako, ambaye mgonjwa kwake ni mjomba, uwezekano wake ni mdogo zaidi ya huo, umekaribia wa watu wengine. Na hata pacha wa kufanana wa mgonjwa, mwenye jeni zile zile zote, karibu nusu ya mara hubaki salama. Kinachobaki kinatoka katika maisha: usingizi unaokatwa, bangi, misiba, ulevi, utoto wa mateso. Kijana akilala vizuri na akakaa mbali na bangi na miraa, amejifanyia zaidi ya kipimo chochote.

Kuhusu ubinamu, hofu ya mumeo ina msingi, lakini ameielekeza pasipo. Haijathibitishwa kwamba kuoana kwa mabinamu huzidisha baipola mara mbili. Kinachojulikana wazi kuongezeka ni yale magonjwa yanayohitaji jeni mbili zinazofanana, kwa sababu mabinamu wamechota kutoka kwa babu na bibi mmoja. Kwa wazazi wasio na udugu, kama watoto 2 au 3 katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza huongezeka 2 au 3 juu ya hapo. Na katika kaunti hii, ugonjwa wa kwanza wa kufikiria ni ule ule wa seli mundu. Kati ya watoto waliopimwa Kilifi, karibu 15 katika kila 100 ni wabebaji. Kama katika ukoo wenu jeni hiyo ipo, vijana wote wawili wanaweza kuwa nayo bila kujua, na hapo kila mimba ina uwezekano wa robo nzima wa mtoto mgonjwa. Hii ndiyo damu niliyokwambia. Kipimo chake ni cha himoglobini, huitwa elektroforesisi, kinafanyika, na majibu yake ni ya ndiyo au hapana. Wapeleke wote wawili asubuhi moja. Ukimpa mumeo karatasi hiyo mkononi, utakuwa umempa kitu cha kweli cha kukifikiria.

Niongeze jambo linaloniuma. Katika zile namba kubwa nilizozitaja, wagonjwa wengi ni watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika tunaoishi Afrika ni wachache mno ndani yake, na HLA zetu zina sura nyingi sana. Tangu 2018 kumekuwa na utafiti wa NeuroGAP uliokusanya mate na historia za wagonjwa na wazima katika Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na kwetu Kenya, Eldoret na Kilifi. Kuna watu wa pwani hii waliotoa mate yao kwa hiari, wakijua hayatawarudishia chochote wao wenyewe. Nawaheshimu sana. Ukija kuombwa wewe au kaka yako kushiriki utafiti wa namna hiyo, sikiliza maelezo, uliza maswali yako yote, kisha uamue, mimi ningekubali.

Binti akiolewa na akapata mimba, wamwambie mkunga na daktari kwamba babu wa mtoto, ambaye pia ni mjomba wa binti, ana baipola. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo wakati ambao ugonjwa huu hupenda kujitokeza kwa mama aliye na mwelekeo, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mama kutolala hata pale mtoto amelala. Kwake uwezekano ni mdogo. Ila familia inayojua huona mapema.

Barua yako ina kurasa tatu, dada yangu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi inayosema binti yako anataka nini, sikuiona. Muulize, mkiwa wawili, kabla hamjaenda kupima chochote.

Na kaka yako apimwe kiwango cha lithiamu, figo na tezi ya shingo kabla ya Ramadhani, asingoje mwezi uandame. Kufunga katika joto la Malindi, tena juani baharini, hukausha mwili, na mwili ukikauka lithiamu hupanda. Daktari wake anaweza kuihamishia dozi yote usiku, au kumwambia wazi kwamba mwaka huu asifunge. Akianza kutetemeka mikono kuliko kawaida, kuhara, kutapika, ulimi kuwa mzito au kuyumba kama aliyeshuka mashuani sasa hivi, avunje saumu anywe maji, dozi inayofuata asiimeze, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.